Boliti Nne za Kiti cha Nyuma

Harufu ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimetumwa kutoa vitu vyetu ndani ya gari kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajaja kulichukua. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakutana na nailoni iliyopigwa na jua, ulezi mkavu, na kwa mbali sana ile sabuni ya dawa ambayo mama aliitumia kuosha sakafu ya gari kila liliporudi na maiti. Gari lenyewe limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya wazazi wangu kwa miaka mingi, kuku wanataga chini yake. Nilirudi nyuma hatua mbili. Kazini wananitania kwamba hata nikiambiwa kumekucha nitachungulia dirishani kwanza. Nimesoma, nimefundishwa kudai ushahidi, simvumilii mtu anayeniambia "ndivyo ilivyo". Na bado nilisimama pale nikiogopa sakafu tupu, yenye matundu manne yaliyoota kutu, mahali palipokuwa na kiti.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Mwimbi, kule ambako uwanda umelala wazi na upepo wa Juni unakata masikio. Alitaka gari kwa namna ambayo wanaume wengine wanataka mtoto wa kiume. Hakutaka pikapu, kwa sababu alijua mwenye pikapu kijijini hugeuka mpakiaji wa magunia ya watu. Hakutaka gari la chini, kwa sababu barabara yetu ingelichubua tumbo. Alitaka lile la katikati: fupi, lenye kimo, milango mitano, la familia. "La familia," alirudia mara nyingi, kama mtu anayejenga uzio. Familia yenyewe tulikuwa watatu. Akauza maksai wake wawili, halafu tukaenda Sumbawanga.

Tulilinunua Majengo, kwa Mzee Abdala, ambaye alikuwa na duka la vipuri na malori mawili. Alitupa chai ya maziwa na maandazi kabla hajataja neno gari. Mimi nilikuwa na miaka minane.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, binti. Umekuja kumchagulia baba?" Akamgeukia baba. "Mwalimu, nakuapia, hili kule Japani lilikuwa la bibi mmoja. Kanisani na sokoni, basi."

"Japani wana makanisa?" mama aliuliza.

"Hawakosi, mama."

"Na huyo bibi ulimwona?"

Mzee Abdala alicheka hadi kofia yake ikahama kichwani. "Mwalimu, hukuniambia kama umeoa hakimu!"

"Ningekuambia ungepandisha bei," baba akasema.

Baba hakujua lolote kuhusu magari. Alipiga teke tairi, akatikisa kichwa kama daktari. Aliyejua alikuwa mdogo wake, baba mdogo Gaudensi, dereva wa lori la kubebea dagaa kutoka Kabwe. Alitoka chini ya gari na oili kiwikoni. "Kaka, injini safi. Ila kiti cha nyuma kina kasoro. Hakikunjiki, kishikizo kimevunjika."

"Kasoro gani hiyo?" Mzee Abdala akasema. "Kimefungwa kwa boliti nne. Ukitaka nafasi unakitoa kizima. Spana yake hii hapa, namba kumi na nne. Hiyo nawapa bure."

Akampa baba spana, baba akanipa mimi nishike. Ilikuwa ya baridi na nzito kuliko nilivyotarajia. Nililala nayo mapajani njia nzima ya kurudi, juu ya viti vilivyokuwa bado na nailoni, ambayo baba alikataza isitolewe.

Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na karatasi ya kunata yenye maandishi ya Kijapani. Nilipomuuliza baba yanasema nini, alijibu bila kusita: "Yanasema, Endesha polepole, umebeba familia." Niliamini. Nikiwa chuo nilikuja likizo, nikayapiga picha, simu ikatafsiri. Kilikuwa kibali cha kuegesha gari kwenye maghorofa fulani. Nilicheka, kisha nikaona uchungu, kwa sababu nilielewa ni mambo mangapi mengine nilikuwa nimeyapokea hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata padri alilibariki gari mbele ya kanisa la kigango. Alilinyunyizia maji hadi kwenye matairi. Halafu katekista akasimama akasema, "Ndugu zangu, leo kijiji chetu kimepata gari." Hakusema mwalimu amepata. Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepongezwa.

Kwetu mwenye gari haombwi. Watu huja uani wawili watatu, wanasalimia, wanaulizia mahindi, wanasifia mvua au kuilaumu, kisha mkubwa wao anasema, "Mwalimu, mgonjwa yuko tayari." Basi. Hakuna swali ndani yake ambalo unaweza kulijibu kwa hapana. Baba aliingia ndani, akachukua ufunguo, akafungua kile kisanduku cha dashibodi, akatoa spana. Boliti nne, kiti kikatoka, kikawekwa chini ya upenu, godoro likatandikwa. Mgonjwa alilazwa akapelekwa hospitali mjini. Na kama alifia huko, gari lile lile ndilo lililomrudisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwacha ndugu yake alale kwa wageni. Baba akifika na maiti kwenye daraja la kuingilia kijijini aliwasha taa, hata kama jua liko utosini, akaja mwendo wa miguu. Wanawake walioko shambani wakiona taa za mchana walitupa majembe.

Shukrani ilikuwa kuku, au bakuli la ulezi. Mama aliipokea kwa mikono miwili, halafu wageni wakiondoka alisema, "Nilidhani tumenunua gari. Kumbe tumenunua jeneza lenye matairi."

"Sasa nikatae?" baba alisema.

"Nani amekuambia ukatae? Nimesema tu nilichokiona." Kisha akachota maji, akatia sabuni ya dawa, akaenda kuosha sakafu.

Kwangu na kwa watoto wa jirani, kiti kilichoko chini ya upenu kilikuwa gari la pili. Tuliendesha hadi Kabwe, hadi Dar es Salaam, mmoja akiwa honi. Lakini mimi, nadhani hata wakati ule, nilikuwa mtu wa kuhesabu. Wa kwanza kulazwa alikuwa mke wa katekista. Aliondoka anazungumza, akarudi na taa za mchana. Wa pili alikuwa kijana aliyekanyagwa na maksai wake. Wa tatu alikuwa bibi jirani yetu, aliyekuwa ananipa karanga zilizokaangwa na majivu. Yeye nilimwona kwa macho yangu kupitia kioo cha nyuma, amelala pale sakafuni, akainua mkono akanipungia. Siku mbili baadaye taa zikaonekana darajani.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa hivi. Mwalimu mkuu alikwenda kung'olewa jino, amekaa, akarudi. Mtoto wa fundi baiskeli alivunjika mkono, alikaa, akarudi. Mimi mwenyewe nilishikwa na malaria hadi nikaona kuta zinapumua, nikakalishwa kwenye kiti kile cha nailoni kati ya mama na shangazi, nikarudi. Waliokaa wote wanaishi. Waliotolewa kiti wote wamekufa. Sikusikia mtu mzima yeyote akilisema jambo hili, na nilishangaa jinsi wasivyoliona.

Nilimuuliza baba mdogo Gaudensi, kwa tahadhari. "Baba mdogo, kwa nini mnatoa kiti?"

"Ili mgonjwa alale vizuri."

"Na akikaa?"

"Aah, anayeweza kukaa ana nguvu zake huyo. Atarudi."

Nilihitaji ushahidi gani zaidi? Sikukalia tena kile kiti chini ya upenu.

Mvua zilipokolea mama alikuwa mzito sana kwa mimba. Siku moja tukila mchana, baba akasema, "Siku yako ikifika nitatoa kiti mapema. Utalala kama malkia."

"Toa," mama akasema. "Na mimi, kwa mara ya kwanza, nifaidi gari langu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikanawa mikono kabla sijashiba. Kesho yake, wakati mama ameenda kisimani polepole kwa mwendo wake ule, nilichukua spana kwenye dashibodi nikaipeleka kwenye kihenge cha ulezi. Nilipanda kwenye kinu nikazamisha mkono wote hadi begani. Ulezi ni mdogo, unaziba shimo mara tu unapotoa mkono. Nilitazama juu yake, ukawa sawasawa, hakuna alama. Nilijisikia mtu mzima. Nilikuwa nimemwokoa mama yangu na hakuna aliyejua.

Siku ilifika asubuhi, siku ya shule. Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, tukiwa uwanjani kwenye matope, nilipomwona shangazi anakimbia amekunja kanga mkononi. Alikwenda moja kwa moja darasani kwa baba. Nikawafuata nyumbani. Mama alikuwa barazani juu ya godoro, jasho limemtoka na baridi ile, na nesi wa zahanati alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Mwalimu, mtoto ametanguliza mkono," nesi alisema. "Hapa siwezi. Alale ubavu, asikae kabisa, na muondoke sasa hivi."

Baba alifungua dashibodi. Akatoa karatasi zote, akatoa rozari, akatoa tochi. Akapapasa chini ya viti. "Spana iko wapi? Mama Skola, spana?"

"Ilikuwa humo," mama alisema.

"Skola, umeiona spana?"

"Hapana, baba."

Alisimama ameshika kichwa. "Nilimwazima yule fundi wa magari kule Matai. Sikumbuki kama alinirudishia. Mungu wangu, sikumbuki."

"Mama akae," nikasema. "Baba, mama akae. Akikaa atarudi." Nilisema mara tatu au nne. Shangazi alinisukuma pembeni, bila hasira, kama mtu anayesogeza stuli.

Fundi baiskeli aliitwa, akaja na mfuko wake. Spana moja ilikuwa ndogo, nyingine ikawa inazunguka bure. Wakajaribu plaizi. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu, kutu ya maji yale ya kuoshea sakafu baada ya maiti, na plaizi ikazila pembe hadi zikawa duara, hazishikiki. Mtu akatumwa kutafuta mtaimbo. Mtaimbo ulikuwa shambani. Mama alilia mara moja tu, kisha akaanza kusema maneno kwa Kifipa, taratibu, akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Kihenge kilikuwa hatua ishirini kutoka niliposimama. Nilikitazama. Nilijua ni nani anaweza kukomesha yale yote, na sikwenda, kwa sababu niliona nashinda. Kila boliti iliyokataa ilikuwa siku nyingine ya uhai wa mama yangu.

Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanarudi makwao mtaimbo ulipong'oa kiti. Kilitoka na kipande cha bati ya sakafu, nailoni imechanika, sponji ya njano nje. Wakakitupa kwenye mvua. Nilipokiona pale chini nikapiga kelele ambazo sijui zilitoka wapi. Baba mdogo, aliyefika wakati wakihangaika na boliti, ndiye aliyeendesha, shangazi kando yake. Baba alikaa nyuma sakafuni ameshika kichwa cha mama.

Siku ya tatu, saa sita mchana, taa zilionekana darajani. Baba alikuwa kwenye usukani. Kando yake, kwenye kiti cha mbele, shangazi alikuwa ameketi wima, amempakata mtoto aliyefunikwa kanga gubigubi. Nyuma hapakuwa na mtu. Mama alibaki hospitali, akakaa huko hadi mahindi yakaanza kukauka. Mtoto alikuwa wa kiume. Mama hakuzaa tena.

Leo naweza kueleza kosa langu kwa dakika moja. Wanaolazwa ni wale waliokwisha kuzidiwa. Kiti hakikumuua mtu, kiliwatambua tu. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kuliona. Lakini siku ile hesabu yangu haikuvunjika, ilithibitishwa. Kiti kilitoka na kifo kikaja. Ushahidi wote ulikuwa upande wangu, na mimi nilikuwa nimekosea, na kukosea kwangu ndiko kulikokifungulia kifo mlango. Ndiyo maana simwamini mtu hata ninapomwamini. Nimewahi kuwauliza wakunga wawili, kwa nyakati tofauti, nikijifanya nauliza habari za mtu mwingine. Mmoja alisema muda ule ni mwingi mno, mtoto hawezi kungoja. Wa pili alisema barabara ile peke yake ilitosha kumuua. Sina wa tatu wa kumuuliza.

Tuliendelea kuishi na gari. Kiti hakikurudishwa, baba aliweka benchi la darasani, akalifunga kwa kamba. Ilipokuja "mgonjwa yuko tayari" alikata kamba kwa kisu bila kuifungua. Alikuwa mwepesi kuliko zamani. Aliacha darasa na chaki mkononi, aliacha Misa kabla ya komunyo, mara moja alimwacha mkaguzi wa shule na kalamu hewani. Watu walimsifu. Padri alimtaja kwenye mahubiri. Mimi nilidhani ni wema, au ni kuzoea. Aliendesha hivyo hadi injini ikafa mlimani, akalivuta kwa maksai wa kukodi hadi nyuma ya nyumba, na hakununua jingine.

Basi juzi nilifunga ule mlango nikamwendea mama. Alikuwa uani anapepeta ulezi, ungo ukipanda na kushuka, makapi yakinijia usoni. Nikamwambia. Sikuanza mbali, nilimwambia tu: "Mama, ile spana niliificha mimi."

Ungo haukusimama. "Najua. Niliikuta kwenye ulezi, kihenge kilipofika chini."

"Ulijuaje ni mimi?"

"Baba yako hafichi vitu kwenye ulezi." Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nikasikia sanduku lake likifunguliwa. Alirudi na spana imefungwa kwenye kitambaa cheupe, kipya, chenye upindo wa mkono, cha kitoto. Alikifungua, akanipa spana, kitambaa akabaki nacho.

"Na baba?"

"Baba yako anajua aliisahau Matai."

Nilihitaji muda kulielewa hilo. Niliziona zile mbio zote, ile chaki, zile kamba zilizokatwa. "Mama. Miaka yote hii? Ukamwacha?"

"Wa kulaumiwa mlikuwa wawili," alisema. "Mmoja alikuwa na miaka minane." Akachukua ungo wake.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshasimama pale, dereva anapiga honi. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na miguu ya baba imetokeza nje, viatu vyake vya Jumapili. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu tupu, shavu karibu na bati, anamulika chini ya kiti cha dereva kwa simu yake.

"Unatafuta nini, baba?"

"Si kitu." Hakugeuka. "Kuna spana ilipotea zamani. Nimeona niangalie mara ya mwisho, kabla hawajalibeba."

Nilikuwa nimeishika nyuma ya mgongo. Ilikuwa ya baridi kama siku ile ya Majengo, lakini uzito wake sasa ulikuwa mdogo.

"Baba," nikasema, "toka humo." Nikanyoosha mkono.

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akaipokea. Aliipapasa namba kwa kidole gumba, akaileta karibu na macho, akaipapasa tena. Dereva alipiga honi. Baba alimwinulia kiganja, asubiri.

"Kwa nini?" aliniuliza.

Ni neno langu, hilo. Nimewauliza watu wengi, na nimewadharau walioshindwa kulijibu. Nikaingia, nikakaa chini kando yake, pale palipokuwa na kiti, nikaanza na yule bibi wa karanga, alivyoinua mkono kunipungia.